Nimesoma bioteknolojia. Njia ya kwenda uhandisi wa mazingira ipo?

SWALI: "Assalamu alaykum Dokta. Mimi ni msichana wa miaka 25, naishi Micheweni, Pemba. Nimemaliza shahada ya kwanza ya bioteknolojia mwaka juzi kwa GPA ya 3.4, na sasa najitolea kufundisha baiolojia skuli ya sekondari. Mama yangu analima mwani. Kila bamvua (maji makuu) likipita naona mwani uliokatika na uliooza umelala pwani, hauuziki, unanuka tu. Nyumbani kisima kipo karibu na karo la choo na maji yake hatuyaamini. Nataka kusoma uzamili wa uhandisi wa mazingira, nitengeneze bakteria wa kuugeuza mwani ule uwe gesi ya kupikia, na wengine wa kusafisha makaro. Lakini hesabu niliziacha kidato cha nne. Rafiki yangu aliyesoma uhandisi kanambia nitafeli muhula wa kwanza. Baba anataka nitulie nisubiri ajira ya ualimu. Je, nibadilishe fani, au nibaki kwenye bioteknolojia mpaka udaktari? Nisome wapi? Na nikirudi kuna kazi?"

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah, mwanangu. Barua yako ina maswali matatu yaliyofungana: kama baiolojia yako inakufikisha kwenye uhandisi, kama hesabu zitakuzuia, na kama ukirudi kisiwani utapata pa kufanyia kazi. La kwanza nalijibu ndiyo bila kusita. La pili nitakuonesha kwa mfano wa mwani wa mama yako, upime mwenyewe. La tatu lina pande mbili na zote nitakuambia.

Lakini kabla ya hayo, kuna jambo katika barua yako lililonishughulisha kuliko GPA na hesabu. Umesema unataka kutengeneza bakteria. Nawasikia wahitimu wengi wa bioteknolojia wakisema hivyo, na ndiyo fikra ya kuibadilisha mwanzo, kwa sababu ukiomba nafasi ya uzamili ukiwa nayo, msimamizi yeyote mzoefu ataiona kwenye mstari wa kwanza.

Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi General Electric, anaweza kupewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya bakteria aliyemuunda ili ale mafuta ghafi. Kesi ile ni maarufu, bila shaka umefundishwa. Pengine hukufundishwa kilichofuata. Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilipopasuka Alaska na mafuta kutapakaa ufukweni, waliofanya usafi wa kibaiolojia hawakumtegemea bakteria yule. Walimwagia fukwe mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, kwa sababu bakteria wala mafuta walikuwapo pale pale kwenye kokoto. Walichokosa ni virutubisho. Bakteria wa maabara akitupwa nje hukutana na wenyeji waliozoea baridi ile, chumvi ile na njaa ile, na mara nyingi hatoboi.

Rudi nyuma zaidi, mwaka 1914, Manchester. Edward Ardern na William Lockett walikuwa wakipuliza hewa kwenye maji machafu ya mji. Mara ya kwanza ilichukua wiki kadhaa amonia yote kugeuka naitreti. Kisha wakafanya jambo dogo: maji yalipotulia, wakamwaga ya juu, tope la chini wakalibakisha, wakaongeza maji machafu mapya na kupuliza tena. Wakarudia hivyo mpaka kazi ya wiki ikawa inakwisha ndani ya saa 24. Hawakumtengeneza bakteria yeyote, waliwazuia tu waliokwisha kuzaliana wasiondoke. Mpaka leo mitambo mingi mikubwa ya maji taka duniani inafuata njia ile.

Hiyo ndiyo kazi unayoiomba. Mhandisi wa mazingira humjengea bakteria aliyepo mahali pa kuishi, yaani hewa ya kutosha au ukosefu wa hewa, joto, chumvi isiyozidi, na muda. Ukilishika hili, utaona kwamba miaka uliyosoma umetaboli na mikrobaiolojia haikupotea, ndiyo nusu ya fani hii, na ni nusu ambayo wenzako waliotoka uhandisi wa ujenzi watakuwa wanaitafuta kwako.

Sasa karo lenu, maana hapa kuna jambo la afya lisilosubiri uzamili.

Zinauzwa chupa na pakiti za "bakteria wa choo", na nadhani ndizo zilizokupa wazo. Karo la kawaida halina upungufu wa bakteria; kinyesi chenyewe kimejaa. Tatizo la makaro yetu ni kwamba mengi chini hayajazibwa, na sehemu kubwa ya mashariki ya visiwa hivi, Micheweni ikiwamo, ni ardhi ya mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango. Maji yakifika kwenye ufa hayachujwi taratibu kama yanavyochujwa kwenye udongo mzito, yanakimbia. Bakteria wa karo wanahitaji siku nyingi kumaliza kazi, na maji hayawapi hizo siku. Ndani ya karo hakuna hewa, hivyo naitrojeni inatoka ikiwa amonia. Ikifika kwenye mwamba wenye hewa, bakteria wengine wanaigeuza naitreti, na naitreti huyeyuka na kusafiri na maji mpaka kisimani. Kumwaga bakteria zaidi juu ya karo lisilo na chini hakubadilishi hata kimoja kati ya hayo.

Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa. Ukomo huo unamlinda hasa mtoto mchanga anayekunywa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima: naitreti inaifanya damu yake ishindwe kubeba oksijeni. Na hapa wengi wanakosea. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara, na kwa hilo endeleeni kuchemsha, lakini naitreti haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, iliyobaki inazidi kukolea. Kwa hiyo peleka sampuli ya maji yenu kupimwa, ama kupitia Mamlaka ya Maji Zanzibar ama maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na uombe vipimo viwili: naitreti na bakteria wa kinyesi. Kukiwa na mtoto wa chini ya miezi sita nyumbani, maziwa yake yasikorogwe kwa maji hayo mpaka majibu yatoke. Na mtu asishuke ndani ya karo kulisafisha. Hewa ya mle huua kimyakimya.

Sasa mwani, ambao nauona kuwa ndio mradi wako wa kweli.

Unajua kuliko mimi kwamba mama zetu wanalima aina mbili, spinosum na kotonii, na kwamba kotonii, inayolipa zaidi, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi yanayopata joto kali. Kilimo hiki cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989, na nyuma yake kuna utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyesomea mwani Hawaii akarudi kuuchunguza wa kwetu. Baadaye Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari amefanya kazi kubwa na wakulima wenyewe. Nawataja ili ujue kuwa unaingia kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa, na kuna maandiko yao ya kusoma kabla hujaandika chochote.

Kuugeuza mwani uwe gesi kunawezekana, na joto letu linasaidia: bakteria wa bayogesi hupenda nyuzi 35 au karibu na hapo, wakati Ulaya hulazimika kupasha matangi. Lakini mwani si kinyesi cha ng'ombe. Kwanza, karibu asilimia 85 mpaka 90 ya mwani mbichi ni maji, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni chumvi na madini yasiyotoa gesi. Pili, na hili ndilo zito, ile karaginani inayofanya mwani ununuliwe ni sukari iliyobeba salfeti. Karaginani ya spinosum inabeba salfeti nyingi kuliko ya kotonii, na maji ya bahari yaliyoshikamana na mwani nayo yana salfeti yake.

Ukifungia kitu chenye salfeti nyingi mahali pasipo na hewa, kunazuka ushindani. Wanaotengeneza methani wanataka haidrojeni na asidi ya siki iliyozalishwa na wenzao. Bakteria wanaotumia salfeti wanataka vitu hivyo hivyo, na wanapata nishati zaidi kutoka kwavyo, kwa hiyo hushinda. Wao hawatoi methani, wanatoa haidrojeni salfaidi. Ile harufu ya yai viza unayoisikia pwani baada ya bamvua ndiyo hiyo. Kwenye tangi la bayogesi hewa hiyo inapunguza gesi ya kupikia, inakula vyuma vya jiko, inawadhuru hata wanaotengeneza methani wenyewe, na ikikolea ni sumu kwa binadamu. Na kutosikia harufu kusikudanganye, kwa sababu ikizidi kiasi pua inaacha kuisikia.

Ndiyo maana nasema swali lako la utafiti limekwisha kujitokeza, na halihusu bakteria mpya. Ni hili: mwani wa kuoza wa Micheweni uoshwe kiasi gani, uchanganywe na nini na kwa uwiano upi, ili wanaotengeneza methani wasizidiwe? Kinyesi cha ng'ombe? Mabaki ya jikoni? Gesi ikipitishwa kwenye vyuma vyenye kutu, ile kutu inashika haidrojeni salfaidi kiasi gani kabla haijachoka? Na kuna swali la uaminifu zaidi ambalo msimamizi mzuri atakuuliza: je, gesi ndiyo njia bora? Mwani una potasiamu nyingi. Huenda kuuosha na kuufanya mboji kukamfaa mama yako kuliko gesi, ilimradi chumvi isiharibu shamba. Uzamili unaokubali kwamba jibu la mwisho linaweza kuwa "gesi hailipi, mboji inalipa" una thamani. Uliojifunga kuthibitisha gesi tangu siku ya kwanza hauna.

Tuje kwenye hesabu.

Rafiki yako hakusema uongo kwamba zipo. Utakutana na kalkulasi, takwimu, mwendo wa maji na kemia ya hesabu. Alichokosea ni kuzitaja kama kitu cha kigeni kwako. Nakupa mfano mmoja, uufanye kwa kalamu.

Tuseme kikundi cha kina mama kinakusanya kilo 100 za mwani mbovu kwa siku, mnausaga na kuuchanganya na lita 100 za maji ya mvua. Kwa makadirio, tangi linapokea lita 200 kila siku, na lita 200 zinatoka upande wa pili. Mkijenga tangi la lita 6,000, gawa 6,000 kwa 200: kila tone linakaa humo kwa wastani wa siku 30. Akaja fundi akasema saruji ni ghali, tufanye lita 2,000. Gawa tena: siku 10.

Sasa mwite yule mwanabaiolojia aliye ndani yako. Katika tangi la siku 10, kila siku unatoa sehemu moja ya kumi ya kilichomo, na bakteria wakiwamo. Ili wasipungue, lazima waongezeke kwa sehemu moja ya kumi kila siku, na kwa kasi hiyo wanakuwa maradufu kwa takriban siku 7. Wanaotengeneza asidi wanaweza hilo bila shida, wao huzaliana kwa saa. Lakini baadhi ya wanaotengeneza methani huchukua siku kadhaa hata wakiwa katika hali nzuri, na katika chumvi na salfaidi huchelewa zaidi. Ni kama shehia ambayo watu wanahama kwa kasi kuliko wanavyozaliwa: siku moja haitakuwa na mtu. Wa methani wanaisha, wa asidi wanabaki wakitengeneza asidi isiyo na wa kuila, tangi linachacha, gesi inakatika. Fundi ataambiwa tangi limevuja. Halikuvuja. Ni dogo tu. Katika tangi la siku 30, wao wanahitaji kuwa maradufu kwa siku 21 tu, na hilo wanaliweza.

Ulichokifanya hapo ndicho kiini cha somo la usanifu wa mitambo ya kibaiolojia. Kinachoingia, toa kinachotoka, jumlisha kinachozaliwa ndani, unapata kinachobaki. Milinganyo utakayoiona darasani, pamoja na ule wa Jacques Monod wa miaka ya 1940 unaoeleza namna kasi ya kuzaliana inavyofuata kiasi cha chakula, ni sentensi hiyo hiyo iliyoandikwa kwa herufi. Kama umefuata mfano mpaka hapa, huna tatizo la akili ya hesabu, una pengo la mazoezi. Pengo linazibwa. Tafuta vitabu vya hesabu vya kidato cha tano na sita, anza na grafu, logarithimu, kisha kutofautisha na kutafuta eneo chini ya mstari. Fanya kidogo kila siku baada ya vipindi, na uwaombe walimu wa hesabu hapo hapo skulini wakusahihishe. Ukijipa miezi minane au tisa ya kweli, utaingia darasani ukiwa na woga wa kawaida tu. Kama baada ya muda huo bado kila ukurasa unakukwamisha, hiyo ni habari ya kuizingatia pia, na nitakueleza chini njia isiyodai hesabu nyingi.

Kuna jambo gumu ambalo watu hawawaambii vijana. Shahada ya uzamili yenye jina la uhandisi haikufanyi moja kwa moja kuwa mhandisi aliyesajiliwa. Bodi zinazosajili wahandisi huanza kwa kuangalia shahada ya kwanza, na yako ni ya sayansi. Kwa hiyo usitegemee kusaini michoro ya mtambo kwa jina lako. Unaweza kuwa mtaalamu wa michakato, mtafiti, mkuu wa maabara, mtathmini wa athari kwa mazingira, mwendeshaji wa mtambo, na hizo ni kazi kubwa. Lakini kama ndoto yako ni muhuri wa mhandisi, iandikie bodi kabla hujalipa ada, uambatanishe matokeo yako ya shahada, na usiridhike na jibu la mdomo.

Kuhusu mahali pa kusoma, ushauri wangu una mpangilio: chagua tatizo kwanza, msimamizi na maabara yake pili, jina la shahada mwisho. Wengi wanakwenda kinyume, wanaona jina zuri, wanafika, wanakuta hakuna mtu anayefanya kazi na kitu wanachokipenda.

Kwa tatizo lako, mlango ulio karibu ni Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo hapa Unguja, Buyu. Mwani ni kazi yao. Hawatakupa uhandisi, ila msimamizi mmoja kutoka kwao akishirikiana na mwingine wa uhandisi ni mpangilio mzuri sana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kina bioteknolojia upande mmoja na uhandisi upande mwingine, na kinakupa nafasi ya kuvuka kati yao. Chuo Kikuu Ardhi kimesimama kwenye uhandisi wa mazingira, maji taka na taka ngumu, na ni pa kweli kwa mtu anayetaka kugusa mitambo. Arusha ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambayo inafundisha uzamili na udaktari, na ina maji na mazingira pamoja na sayansi za uhai na bioinjinia chini ya paa moja. Kwa mtu wa historia yako, hiyo ningeiangalia kwa makini. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, usiiache: hata kama hukusoma kozi kwao, nenda ukaongee na walimu wa sayansi, kwa sababu ukirudi ndio watakaokuwa majirani zako wa kitaaluma. Wengine watakutajia IIT Madras ya Bweleo iliyofunguliwa mwaka 2023. Ni chuo kizuri, lakini kilianza na sayansi ya data na akili mnemba, siyo fani yako.

Ng'ambo, ukipata, mahali ninapopapenda kwa mada hii ni IHE Delft huko Uholanzi, kwa sababu wanafundisha maji na usafi wa mazingira kwa wanafunzi kutoka nchi kama zetu, na matatizo yao ya darasani yanafanana na ya kwetu.

GPA yako niiseme wazi. 3.4 kwa mizani ya 5 ipo juu ya 2.7 ambayo vyuo vyetu hutumia kama kiwango cha chini cha kuingia uzamili, kwa hiyo nyumbani huna kikwazo. Kwa ufadhili wa ng'ambo ni habari nyingine. Daraja la pili la juu kwetu linaanzia 3.5, na Chevening ya Uingereza, kwa mfano, inataka shahada ya kiwango hicho pamoja na uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Umekosa kwa 0.1 tu. Usikate tamaa, ila usijenge mpango wako wote juu ya ufadhili mmoja wa aina hiyo. DAAD ya Ujerumani na programu za Erasmus Mundus za Umoja wa Ulaya kila moja ina masharti yake; yasome kwenye tovuti yao wenyewe, siyo kwenye ujumbe uliosambazwa. Anayekudai pesa ili akupatie ufadhili, achana naye hapo hapo. Na pita Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ukaulize utaratibu wa uzamili wa mwaka huu. Shahada ya nje ukiipata, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayoitambua, kwa hiyo angalia chuo chenyewe kinatambuliwa kabla hujaondoka.

Je, ubaki kwenye bioteknolojia mpaka udaktari? Hiyo ndiyo njia niliyokuahidi isiyodai hesabu nyingi. Ungeweza kusoma magonjwa ya mwani, kutafuta mbegu ya kotonii inayostahimili joto, na hilo lingemfaa mama yako pengine kuliko gesi. Ni njia ya maabara zaidi, ndefu, na kazi zake zipo vyuoni na kwenye taasisi za utafiti. Kwa barua yako, wewe unaonekana mtu wa kutaka kuona tangi linafanya kazi. Ningekupeleka kwenye mazingira. Lakini kama moyo wako uko kwenye mmea wenyewe, usiache kwa sababu mimi nimependa matangi.

Kazi zipo kisiwani, ila si nyingi, na nafasi za serikali hutoka kwa nadra. Mamlaka ya Maji, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, manispaa na mabaraza ya miji, na Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ndizo sehemu za kuziangalia. Upande wa binafsi, hoteli za pwani zinazosafisha maji taka yao wenyewe zinahitaji watu wanaojua kwa nini tangi limeanza kunuka Jumatatu asubuhi, na kampuni za tathmini za mazingira zinahitaji mtu anayeweza kuchukua sampuli na kuandika ripoti isiyopinda. Pemba nafasi ni chache kuliko Unguja. Huenda ukalazimika kuanzia Unguja au Dar es Salaam.

Ndiyo maana baba yako simwoni kuwa na makosa. Anakuona una shahada, na anachokitaka ni uhakika wa riziki yako. Usimpinge kwa maneno. Mwambie utaendelea kufundisha na kuomba ajira zinapotangazwa, na wakati huo huo unajiandaa. Muoneshe ada, muda na masharti yameandikwa kwenye karatasi. Kama kuna mjomba au mwalimu wako wa zamani ambaye baba anamsikiliza, mwombe akae nanyi. Uzamili wa miaka miwili unaosomwa huku nyumbani kuna ugomvi ni mzito kuubeba.

Na kuna jambo unaloweza kuanza bamvua lijalo. Chukua madumu matatu ya lita 5. La kwanza weka kinyesi kibichi cha ng'ombe na maji peke yake. La pili, kinyesi kiasi kile kile pamoja na mwani mbovu kama ulivyotoka pwani, uliokatwakatwa. La tatu, kinyesi na mwani uleule uliosuuzwa vizuri kwa maji ya mvua. Acha nafasi juu. Kila kifuniko kitoboe upitishe mpira mwembamba, uzibe kwa nta, na ncha ya pili uiingize kwenye chupa iliyojaa maji na kupinduliwa ndani ya beseni. Gesi ikija inasukuma maji, unaweka alama. Weka nje, kivulini, penye upepo, mbali na moto na watoto, na usizibe dumu lolote bila mpira wa kutolea gesi. Usijaribu kuiwasha, na usiinamie kunusa. Pima asidi kwa karatasi za maabara ya skuli, andika kila siku kwa muda usiopungua mwezi: tarehe, kiasi cha gesi, asidi, joto, rangi. Wanafunzi wako washirikishe katika kusoma na kuandika vipimo.

Matokeo yoyote yatakayotoka, hata dumu la pili likifa, yaweke kwenye jedwali la ukurasa mmoja. Kisha andika barua ya aya tatu kwa msimamizi mmoja mmoja, kwa jina lake, ukitaja kazi yake uliyoisoma, ukieleza ulichokiona kwenye madumu na unachotaka kukijua zaidi, na uambatanishe jedwali. Wasipojibu wiki mbili, kumbusha kwa adabu. Ukiwa na safari ya Unguja, omba miadi Buyu kabla hujapanda boti, na daftari lenyewe uende nalo, lenye madoa yake, kwa sababu watataka kuona namba ulivyoziandika siku kwa siku.